Sura ya Tano: Nyasi za Kuonwa na Jirani

Mwaka 2018 mzee mmoja wa mji wa pwani jimboni Florida, Marekani, alisafiri kwenda jimbo jingine kushughulikia mirathi ya mama yake. Kazi ya kukata nyasi za nyumbani kwake alimwachia mtu kwa malipo. Mtu yule akafariki, na katika joto na mvua za Florida nyasi hazingoji mtu. Sheria ya mji ilitaka zisizidi inchi 10, yaani kama sentimita 25. Kwa kuwa mzee huyo aliwahi kuonywa siku za nyuma, faini yake ilipangwa kuwa dola 500 kwa kila siku. Hesabu ilipokamilika deni lilikaribia dola 30,000, na mwaka uliofuata uongozi wa mji ukaidhinisha hatua za kuitwaa nyumba. Akaenda mahakama ya shirikisho kudai kwamba adhabu imepita kiasi. Mahakama ikaupa mji haki, na mahakama ya rufaa ikashikilia hukumu hiyo.

Faini za ukubwa huo ni chache. Sheria yenyewe ndiyo iliyoenea. Miji mingi ya Marekani ina kanuni inayotaja urefu wa mwisho wa nyasi, na utekelezaji wake hautofautiani sana kutoka mji hadi mji. Mtu analalamika, ofisa anakuja kupima, barua inafika nyumbani, na mwenye nyumba anapewa siku kadhaa. Zikipita, mji unatuma kibarua wa kufyeka kisha unamtoza mwenye nyumba gharama.

Anayelalamika mara nyingi ni jirani. Katika sura hii nataka tumtazame huyo jirani, kwa kuwa naamini yeye ndiye anayesukuma mashine ya kukata nyasi katika kila nyumba ya mtaa, hata akiwa amelala kwake. Ukimwondoa yeye, ni vigumu kueleza kwa nini watu wanatumia Jumamosi zao, maji yao na fedha zao kustawisha mmea usioliwa, kisha wanaukata kila wiki usije ukakua.

Nyasi fupi mbele ya nyumba zilikuwa kwanza alama ya wakubwa wa Ulaya, hasa Ufaransa na Uingereza katika karne ya 17 na ya 18. Mwenye ardhi kubwa alionyesha uwezo wake kwa kuacha sehemu yake bila kuilima. Kuziweka fupi nyasi hizo kulihitaji kondoo wa kuzilisha, au vibarua wenye miundu mirefu waliofyeka asubuhi na mapema, kwa sababu majani yenye umande hukatika vizuri zaidi. Mtu wa kawaida hakuwa na kondoo wa kutosha wala vibarua.

Aliyebadilisha hali hiyo ni Edwin Budding, fundi mitambo wa upande wa Stroud, Uingereza. Eneo lile lilikuwa la viwanda vya sufu, na humo mlikuwa na mashine yenye visu vya kuzunguka iliyonyoa malaika ya kitambaa ili uso wake uwe laini. Budding akawaza kwamba visu vya namna ile vinaweza kunyoa ardhi pia. Mwaka 1830 akapata hataza ya mashine yake ya chuma, nzito, iliyosukumwa kwa mikono. Miongo michache baadaye nyasi fupi zilikuwa zimekuwa kitu ambacho karani au mwalimu anaweza kuwa nacho mbele ya mlango wake.

Kutoka hapo hadithi inavuka bahari, na huko Marekani inapata sura ambayo Uingereza haikuwa nayo. Mwingereza alikuwa na nyasi zake nyuma ya ua wa miti au ukuta wa matofali. Mmarekani aliondoa ua. Mwaka 1869 Frederick Law Olmsted, yuleyule aliyeshiriki kubuni bustani ya Central Park ya New York, pamoja na mwenzake Calvert Vaux, walikuwa wakipanga kitongoji cha Riverside karibu na Chicago. Waliagiza nyumba zijengwe mita 9 hivi kutoka barabarani, na nafasi hiyo ya mbele ibaki wazi, ili apitaye barabarani aone kijani mfululizo kama anapita katika bustani moja kubwa. Mwaka uliofuata, 1870, Frank J. Scott alichapisha kitabu kizima cha kuwafundisha wenye nyumba za vitongojini namna ya kupamba viwanja vyao. Alisisitiza kwamba kuwazuia majirani wasione uzuri wa bustani yako kwa kupanda ua ni tendo lisilo la kijirani, na hata lisilo la Kikristo. Hapo suala la nyasi liliingia katika maadili, na halijatoka mpaka leo.

Msomaji wa pwani yetu ataona mara moja ugeni wa jambo hili. Nyumba ya Mji Mkongwe Zanzibar au ya Lamu ina kuta nene na uwanda wa ndani, na huko ndiko maisha ya familia yanakofanyika. Upande wa barabara kuna baraza, na baraza linakaliwa: watu wananunua kahawa, wanacheza bao, wanapeana habari za msiba na za arusi. Nafasi ya ndani ni ya wenyewe, ya nje ni ya watu, na kila moja ina kazi yake. Uwanja wa mbele wa nyumba ya Marekani ni baraza lisilokaliwa. Ukipita katika vitongoji vyao alasiri ya Jumapili utaona watoto wachache wakicheza, lakini mikeka, viti na moshi wa nyama viko nyuma ya nyumba. Mbele pameachwa kwa ajili ya macho. Na mahali palipoachwa kwa ajili ya macho, hukumu ya anayetazama ndiyo inayotawala.

Hukumu hiyo iliandikwa rasmi baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kati ya 1947 na 1951 kampuni ya Levitt ilijenga zaidi ya nyumba 17,000 huko Long Island, New York, katika mashamba yaliyokuwa yakilimwa viazi, ikaupa mji huo jina la Levittown. Wanunuzi na wapangaji wake walikuwa hasa askari waliorudi vitani, na wengi wao hawakuwahi kuwa na hata kipande cha ardhi. Abraham Levitt, baba wa familia, alisimamia mwenyewe upandaji wa miti na nyasi, akaandika makala magazetini kuwafundisha wakazi namna ya kuzitunza. Masharti ya makazi yalitaka nyasi zikatwe mara moja kwa wiki majira yote ya ukuaji. Yalikataza kujenga uzio. Yalisema hata siku za kuanika nguo.

Na yalisema jambo jingine, ambalo sitaki lipite kimyakimya. Hati za mwanzo za Levittown zilikataza nyumba hizo zitumiwe au kukaliwa na mtu asiye mweupe, isipokuwa mtumishi wa ndani. Karatasi ileile iliyomwamuru mkazi akate nyasi ilimwambia ni jirani gani asimpate. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya ubaguzi wa namna hiyo, lakini kampuni iliendelea kuwakatalia weusi. Siwezi kuyatenganisha mambo haya mawili. Mtaa uliopangwa ufanane kwa kila kitu, kuanzia urefu wa nyasi hadi rangi ya ngozi, ulikuwa ukiwafundisha wakazi wake kwamba tofauti ni hatari kwa thamani ya nyumba zao. Mpaka leo malalamiko mengi kuhusu nyasi hutanguliza thamani ya nyumba, hata pale ambapo mlalamikaji hana mpango wowote wa kuuza.

Wakati Levittown inajengwa, dukani kulikuwa kumeingia dawa mpya. Kemikali ya 2,4-D, iliyofanyiwa utafiti wakati wa vita, ilianza kuuzwa kwa raia mwaka 1945. Ina tabia moja iliyowafurahisha wenye nyumba, nayo ni kwamba inaua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi. Dandelioni, lile ua la manjano linalochipuka katikati ya nyasi na kumkosesha mwenye nyumba usingizi, liliweza kuondolewa bila kuinama na kisu. Lakini klova pia ina majani mapana. Kabla ya hapo klova ilichanganywa makusudi katika mbegu za nyasi. Ni mmea wa jamii ya kunde, na mizizi yake, kama ya maharage na choroko, huhifadhi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha udongo. Klova ilirutubisha nyasi bure, ikalisha nyuki, ikabaki kijani wakati nyasi zimechoka. Dawa haikuweza kuichagua. Klova ikafa, na muda si mrefu ikahesabiwa kuwa gugu, kwa sababu tu ilikuwa katika orodha ya vitu ambavyo dawa inaviua. Naitrojeni iliyokuwa ikitolewa na klova sasa ilibidi inunuliwe kwenye mfuko.

Hapa ndipo mtafiti wa jiografia Paul Robbins aliponipa jibu nililokuwa nikilitafuta. Katika kitabu chake Lawn People cha mwaka 2007, kilichotokana na utafiti alioanzia jimboni Ohio, aliwauliza wenye nyumba kama wanatumia kemikali kwenye nyasi zao na kama wanaamini zina madhara kwa maji na mazingira. Mtu angetegemea kwamba wanaotumia ni wale wasiojua. Robbins alikuta kinyume. Wanaotumia walikuwa na elekeo kubwa zaidi la kuamini kwamba kemikali hizo zina madhara kuliko wasiotumia. Walikuwa na elimu zaidi na kipato zaidi. Na walikuwa na elekeo kubwa zaidi la kuwajua majirani zao kwa majina.

Jambo hilo la mwisho linastahili kukaa nalo kidogo. Watu wanaomwaga dawa wanayoihofia si watu wabaya, wala hawakosi habari. Ni watu waliojifunga na mtaa wao. Wanajua nani anaumwa, nani kapata mtoto, nani kafiwa, na wanajua kwamba nyasi zenye madoa zitasomwa na watu hao kama ishara kwamba nyumba hiyo haijali wenzake. Kwao nyasi ni wajibu wa ujamaa wa mtaani. Kwa hiyo kampeni inayomwambia mwenye nyumba kwamba dawa ni sumu inamwambia analolijua tayari. Hofu yake kubwa ni jirani kumwona mzembe, na hofu hiyo hakuna kipeperushi kinachoijibu.

Gharama ya wajibu huo ni kubwa. Mwaka 2005 kundi la watafiti lililoongozwa na Cristina Milesi wa NASA lilitumia picha za setilaiti kukadiria eneo lote lenye nyasi za kukatwa nchini Marekani, zikiwamo za majumbani, za bustani za umma na za viwanja vya gofu. Walipata takriban kilomita za mraba 163,800. Chukua Rwanda na Burundi kwa pamoja, kisha zidisha mara tatu. Kwa makadirio yao, hakuna zao lolote la Marekani linalomwagiliwa ambalo lina eneo linalokaribia hilo, na mahindi ya kumwagilia yalikuwa kama theluthi yake. Shirika la serikali la kulinda mazingira, EPA, linakadiria kwamba karibu theluthi moja ya maji ya majumbani huishia kumwagiliwa bustani na nyasi. Kwa mtu aliyekulia mahali ambapo ndoo ya maji ina bei yake na foleni yake, takwimu hii inauma.

Hata hivyo sitakubaliana na waandishi wanaowacheka wenye nyumba hawa. Kazi ya kukata nyasi ina mapenzi yake ya kweli, na mtu asiyeyaona hataelewa kwa nini desturi hii haifi. Kazi nyingi za siku hizi hazionekani zimekwisha. Barua pepe moja inazaa nyingine. Mwenye kukata nyasi anaanza kwenye ukingo mmoja, anakwenda na kurudi, na nyuma yake inabaki mistari inayoonyesha amefika wapi. Baada ya saa moja kazi imekwisha na kila mtu anaiona. Ile harufu inayopendwa na wengi hutokana na kemikali zinazotolewa na majani yaliyojeruhiwa, na mtu akiivuta anakumbuka babake. Kwa vijana wengi wa Marekani mshahara wa kwanza wa maisha ulitoka kwa bibi wa nyumba ya tatu aliyehitaji nyasi zake zikatwe. Mtu akifiwa au akilazwa hospitali, jirani huvuka na mashine yake akakata nyasi za pande zote mbili bila kuombwa. Jicho la jirani linalopiga simu halmashauri ndilo hilohilo linaloona kwamba nyumba ya pili leo hapajafunguliwa dirisha. Anayetaka kubadilisha desturi ya nyasi asianze kwa kulipofua jicho hilo.

Tena sisi watu wa Afrika tumo katika hadithi hii zaidi ya tunavyodhani. Ukoka, huu huu unaotambaa kando ya njia zetu na kumchosha mkulima kwa mizizi yake, ndio nyasi maarufu ya kusini mwa Marekani, inayoitwa huko kwa jina la visiwa vya Bermuda. Wataalamu wengi wanaona asili yake ni Afrika. Katika kituo cha kilimo cha Tifton, jimboni Georgia, mtaalamu Glenn Burton alishughulikia chotara za ukoka na ndugu yake wa Afrika Kusini mwenye majani membamba, na mwaka 1960 ikatoka aina ya Tifway, ambayo imetandazwa katika viwanja vya mpira na gofu sehemu nyingi za dunia zenye joto. Nyasi za Kikuyu, kutoka nyanda za juu za Afrika Mashariki, zilipelekwa California mwanzoni mwa karne ya 20 ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Leo zimo katika orodha ya serikali ya shirikisho ya magugu hatari, na wakati huohuo ndizo zinazopamba uwanja wa gofu wa Riviera mjini Los Angeles, unaochezewa mashindano makubwa. Mmea ni uleule. Kinachobadilika ni nani anautazama na anataka nini.

Na si nyasi peke yake zilizovuka bahari. Mtaalamu wa mandhari Richard Westmacott alikwenda vijijini katika majimbo ya Georgia, South Carolina na Alabama kuchunguza bustani za wakulima weusi, akachapisha matokeo yake mwaka 1992. Alikuta kumbukumbu, na mahali pengine desturi iliyokuwa bado hai, ya uwanja wa udongo mtupu uliofagiliwa. Wazee waling'oa kila jani lililochomoza na kufagia kwa mafagio ya vijiti vya miti ya porini. Uwanja uliofagiliwa ulikuwa jiko, mahali pa kufulia na sebule. Haukumficha nyoka, haukupitisha moto wa msituni, na alama za fagio zilionyesha kwamba ndani kuna watu wanaojiheshimu. Westmacott aliihusisha desturi hiyo na Afrika Magharibi walikotekwa mababu zao, ingawa wazungu wengi wa kusini nao waliishika.

Msomaji wa Tabora, Bukavu au Kisumu hahitaji kuelezwa uwanja huo. Anaujua kwa sauti ya fagio la chelewa kabla jua halijapanda, kwa maji yanayonyunyizwa kwanza ili vumbi litulie, na kwa aibu ya mgeni kukuta majani ya mwembe yametapakaa. Huku kwetu pia jirani anatazama. Mama ambaye uwanja wake haujafagiliwa saa tatu asubuhi ataulizwa kama anaumwa. Hamu ya mwanadamu ya kuonyesha kwamba anatunza mahali pake haikuanzia Uingereza. Kule Marekani mashine za kukata nyasi ziliposhuka bei katikati ya karne iliyopita, viwanja vya kufagiwa vilitoweka kimoja baada ya kingine, kwa kuwa jamii iliyowazunguka wenye viwanja hivyo ilitambua dalili moja tu ya utunzaji, nayo ilikuwa ya kijani.

Wazo hili la dalili za utunzaji ndilo ninaloliona kuwa na manufaa kuliko yote katika elimu ya nyasi. Joan Nassauer, mtaalamu wa mandhari, alilieleza katika makala ya mwaka 1995 iliyosomwa sana. Alikuwa ameona bustani za mimea ya asili zikilaumiwa na majirani ingawa zina faida kubwa kwa ndege, wadudu na udongo. Alitambua kwamba majirani hawakuchukia mimea yenyewe. Walishindwa kuona mkono wa mtu. Bustani iliyopandwa kwa uangalifu na kiwanja kilichotelekezwa vinafanana machoni pa mpita njia. Dawa aliyopendekeza ni nyepesi: kata ukanda mwembamba wa nyasi kando ya barabara na kando ya njia, weka kibao kidogo, nyoosha ukingo, tengeneza uzio wa chini. Mkono wa mtu ukionekana pembeni, katikati panasamehewa.

Mwaka 2009 yeye na wenzake walikwenda mbali zaidi. Waliwaonyesha wenye nyumba wa Michigan picha za mitaa, wakawauliza wangependa uwanja wao wa mbele uweje. Walioonyeshwa majirani wenye nyasi fupi walichagua nyasi fupi. Walioonyeshwa majirani wenye bustani za mimea ya asili walivutwa upande huo. Tunazoea kusema kwamba Wamarekani wanapenda nyasi. Utafiti huu unaonyesha kwamba wanapenda, juu ya kila kitu, kutopishana sana na wa nyumba ya pili, na kwamba mtaa ukigeuka ladha inaweza kugeuka nao. Tatizo linabaki kwa nyumba ya kwanza. Wa kwanza ndiye anayelipa.

Jimboni Maryland mume na mke walilipa kwa namna hiyo. Walikuwa wamepanda mimea ya asili inayovutia nyuki na vipepeo, jirani akalalamika, chama cha wenye nyumba kikawaamuru warudishe nyasi. Vyama hivi vina nguvu kubwa: anayenunua nyumba anajikuta mwanachama kwa hati aliyosaini, na masharti yanaweza kufika mpaka rangi ya mlango. Wenye nyumba hao walipigana kwa miaka kadhaa, wakabaki na bustani yao, na mwaka 2021 bunge la jimbo likapitisha sheria inayozuia vyama kuwakatalia watu bustani rafiki kwa mazingira bila sababu ya haki. Mwaka huohuo jimbo la Nevada lilipiga marufuku kumwagilia kwa maji ya Mto Colorado nyasi zisizo na matumizi, zile za vipande vya kando ya barabara na mbele ya ofisi, marufuku iliyopangwa kushika kikamilifu mwishoni mwa 2026. Nyumba za familia hazikuguswa. Huko Las Vegas, hata hivyo, nyumba mpya zilikuwa zimekatazwa kuotesha nyasi za mbele tangu 2003, na mamlaka ya maji inamlipa mwenye nyumba anayeziondoa kwa hiari. Ziwa Mead linalowanywesha limeshuka mbele ya macho yao, na kushuka kwa ziwa kumefanya kazi ambayo mahubiri ya miaka mingi hayakuifanya. Mtaani sasa mawe na mimea ya jangwani ndiyo kawaida, na mwenye nyasi nene ndiye anayetazamwa vibaya.

Kwa asiyetaka kugombana na mtu yeyote kuna habari nyingine njema, nayo inatoka Springfield, Massachusetts. Susannah Lerman wa Idara ya Misitu ya Marekani na wenzake walizikata wenyewe nyasi za nyumba 16, nyingine kila wiki, nyingine kila baada ya wiki mbili, nyingine kila baada ya tatu. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Penye kukatwa kila baada ya wiki tatu maua yaliongezeka hadi mara mbili na nusu, lakini nyuki walikuwa wengi zaidi penye wiki mbili, pengine kwa sababu nyasi ndefu mno zinawazuia kuyafikia maua ya dandelioni na klova. Yaani kuruka wiki moja tu kunatosha kumlisha nyuki, na hakuna jirani atakayepiga simu.

Mabadiliko haya yanawakuta wasemaji wa Kiswahili wakiwa wamo ndani. Kwa miaka kadhaa hadi 2024 Kongo iliongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao walipitia kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma, ambako viwanja vya kufagia ni jambo la kawaida. Katika miji kama Lexington, Kentucky, Kiswahili kinasikika madukani na makanisani. Familia iliyofika juzi inapanga nyumba, na katika mkataba wa lugha ngeni kuna sentensi inayosema nani atakata nyasi. Asiyeielewa hugundua pale barua inapofika. Wenyeji wao wa shirika la wakimbizi huwafundisha jiko la umeme, basi, namba ya dharura. Somo la nyasi linastahili kuwekwa humohumo, kwa kuwa ndiyo mazungumzo ya kwanza ambayo mtaa utayafanya na mgeni, mara nyingi bila kumsemesha.

Waliokaa muda wamepata utaratibu wao. Mbele wanakata kama wanavyokata wengine. Nyuma, au katika bustani ya pamoja ya kitongoji, wanapanda lengalenga, maharage na mahindi. Swali linalowajia baada ya miaka michache ni kwa nini lengalenga lisipandwe mbele, penye jua. Kwa muda mrefu miji mingi ilikataza mboga za mbele. Huko Miami Shores wenye nyumba walioamriwa kung'oa mboga walizozilima kwa miaka 17 walishindwa mahakamani, kisha mwaka 2019 Florida ikapitisha sheria inayozizuia serikali za mitaa kukataza bustani za mboga katika makazi. Illinois ikafuata mwaka 2021. Sheria ya Florida haigusi vyama vya wenye nyumba, na huko mpangaji au mnunuzi bado lazima asome hati yake mstari kwa mstari kabla hajatia mbegu ardhini.